Ardhi Waliyoikuta Tupu

Nimefundisha jiografia na historia kwa miaka 32, na katika miaka hiyo yote iko sentensi moja niliyokuwa nikiiandika ubaoni kila nilipofika kwenye habari za wilaya yetu: "Wairaqw walipofika Karatu waliikuta ardhi tupu." Wanafunzi waliinakili, mtihani ulipokuja wakaijibu, nami nikawapa alama zao. Sikuitunga mimi. Niliirithi kwa babu yangu mzaa baba, aliyekuwa akiisema kwa fahari jioni ameketi nje ya nyumba yake huko Rhotia, fimbo mapajani, akitazama mahindi yake. Sasa nimestaafu, na naomba msomaji anivumilie nikiirudia sentensi hiyo, kwa kuwa sina tena amani nayo.

Kwanza nieleze nchi yenyewe ilivyokaa, maana asiyeijua kwa miguu atapata taabu kuzifuata habari zake. Mtu akitoka Arusha, akapita Makuyuni na Mto wa Mbu, husimamishwa na ukuta. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara hupanda kwa kujipindapinda, Ziwa Manyara likibaki chini mkono wa kushoto, na anapofika juu hukuta nchi nyingine kabisa: udongo mwekundu, mashamba juu ya mashamba, vilima vilivyokunjamana kama shuka la mtu aliyelala vibaya. Hapo ni Rhotia, na mbele kidogo ni Karatu mjini, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini na magharibi yake imesimama milima iliyozaliwa na volkano. Oldeani ndio ulio karibu nasi. Jina lake ni la Kimaasai na maana yake ni mianzi, na kweli mianzi iko huko juu. Mbali zaidi uko Loolmalasin wenye zaidi ya mita 3,600. Katikati ya milima hiyo ndipo penye shimo la Ngorongoro, volkano iliyojibomokea ndani yake yenyewe zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, ikaacha bakuli lenye upana wa kilometa kama 18 na kuta za mita 600. Ukigeuka kusini-magharibi, ardhi huanza kushuka tena hadi Ziwa Eyasi, maji ya chumvi, kwenye mita 1,030 hivi. Katika nusu siku ya gari mtu anaweza kuvaa sweta kwenye ukungu wa Oldeani na kulivua kwa jasho katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola.

Nilipokuwa nikifundisha nilipenda kuwauliza watoto: kitunguu cha Mang'ola kinanyweshwa na mvua ya wapi? Wengi walijibu, ya Mang'ola. Lakini Mang'ola ni nchi kavu. Mvua hunyesha juu, kwenye msitu wa Ngorongoro na Oldeani, na pasipo mvua ukungu hunaswa na majani na ndevu za miti ukadondoka tone kwa tone. Maji hayo huzama katika mwamba wa volkano, husafiri gizani, kisha hububujika chini kabisa katika chemchemi kama Qangdend, ambako wakulima huyagawana kwa mifereji na, mara nyingine, kwa ugomvi. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anayekaanga kitunguu chetu anakaanga mvua ya Ngorongoro. Nchi hii ni mwili mmoja.

Mwili huo umekatwa. Simama mahali popote penye mwinuko hapa Karatu utauona mkato wenyewe. Mahindi yanapanda, ngano na shayiri zinapanda, halafu ghafla yanakoma, na msitu unasimama kama ukuta mweusi. Upande huu jembe ni halali. Upande ule jembe ni kosa. Tembo na nyati hawajasomewa sheria hiyo. Hushuka usiku, na huko Oldeani yako mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe zao wakitafuta udongo wa madini, kazi ya vizazi vingi. Majina ya vijiji vyetu yanakumbusha nani alikuwa mwenyeji: Kambi ya Simba, Kambi ya Nyoka, Kilimatembo, Kambi ya Faru. Kambi ya Faru haina faru. Hata ndani ya shimo lenyewe, ambako katika miaka ya 1960 walihesabiwa zaidi ya 100, majangili waliwapunguza hata ifikapo miaka ya 1980 hawakuzidi 20.

Sasa turudi kwenye neno "tupu".

Habari za kale kabisa nitazipita haraka, kwa kuwa zimeandikwa sana na wageni na watalii hulipa ili wasimuliwe. Nyayo za Laetoli, zilizochunguzwa na Mary Leakey na wenzake mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6. Fuvu alilolipata mama huyo Oldupai mwaka 1959 limeitangaza nchi yetu duniani. Wachache wanajua kwamba hata kando ya Eyasi, upande wetu wa Karatu, Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alikusanya vipande vya fuvu la mtu wa kale mwaka 1935. Nataja hayo ili tu kusema kwamba kama kuna mahali duniani ambapo mtu hana haki ya kutamka neno "tupu", basi ni hapa.

Wako Wahadzabe, ambao lugha yao ya midoko haina ndugu anayejulikana, nao waliwinda na kuchimba mizizi kando ya Eyasi kabla ya sisi wote. Mwindaji haachi boma wala shamba, na kwa hiyo kila anayekuja huapa kwamba hakukuta mtu. Wako Wadatoga, ambao watu huwaita Wamang'ati, jina wasilolipenda. Hao ndio waliokuwa wakichunga Ngorongoro kabla ya Wamaasai, hata katika karne ya 19 wakashindwa vitani na kusukumwa kusini. Makaburi ya wakubwa wao yamebaki ndani ya shimo, na wajukuu wao bado wanayajua. Wamaasai nao wakaishika nchi, wakaipa majina tunayoyatumia mpaka leo, Oldeani likiwa mojawapo.

Sisi Wairaqw tulikuwa wapi? Tulikuwa tumejibana milimani Mbulu, mahali panapoitwa Irqwa Da'aw, ambapo Waswahili walipaita Mama Isara. Ni nchi ndogo ya vilima vikali. Wazee wetu walilima kila kipande, wakatumia samadi, wakazuia maji yasiteremke na udongo, si kwa sababu walipenda taabu bali kwa sababu hawakuthubutu kushuka. Tambarare lilikuwa na wenye mikuki. Ndiyo maana walichimba nyumba zao ndani ya mteremko, paa likaenda sawa na ardhi, ng'ombe wakalala ndani pamoja na watu. Mpita njia angeweza kukanyaga juu ya nyumba asijue. Na kila eneo, ambalo kwa lugha yetu huitwa aya, lilikuwa na mipaka iliyohifadhiwa kwa tambiko. Mtu asidhani mipaka ililetwa na Wazungu peke yao. (Lugha yetu ni ya Kikushi, ina ndugu wa mbali Ethiopia na Somalia. Walimu waliotoka pwani walipata tabu sana na majina kama Tlawi na Qurus; mmoja alinibatiza jina jipya darasa la tatu kwa kushindwa la kwangu.)

Halafu ikaja sotoka. Iliingia Afrika kutoka kaskazini-mashariki, kwenye pembe ya bara, mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1890 na 1891 ilikuwa imefika huku. Iliua ng'ombe, ikaua na nyati. Mmaasai bila ng'ombe ni mkulima bila udongo. Nyuma ya sotoka ikaja ndui, na nyuma ya ndui njaa. Mwezi Machi 1892 msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alilifikia shimo la Ngorongoro, Mzungu wa kwanza kuandika habari zake. Leo vitabu vya utalii humtaja kwa uzuri wa mandhari aliyoiona. Visichotaja ni kwamba alikuta humo Wamaasai waliobaki mifupa, wakina mama na watoto wakizunguka kambi yake kuomba chochote cha kutia mdomoni.

Huo ndio mwanzo wa utupu wetu. Wafugaji waliopona walijikusanya kwenye malisho machache. Nyanda za Karatu zikakosa ng'ombe wa kula nyasi na watu wa kuzichoma; vichaka vikaota, na vichakani wakaingia mbung'o. Wajerumani wakaja. Ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf wakafanya mashamba ndani ya shimo lenyewe, hata Vita ya Kwanza ikawaondoa. Katika miaka ya 1920, wakati wa Waingereza, Wajerumani wengine walirudi wakapewa ardhi Oldeani, wakapanda kahawa, na ilipofika 1939 wakakamatwa kama maadui. Kahawa imebaki, na baadhi ya nyumba zao zenye mabomba ya moshi zimebaki pia. Na Wairaqw, sasa Wamaasai wakiwa wamepungua na serikali ikihimiza vichaka vifyekwe, wakaanza kuteremka kutoka Mama Isara, familia moja moja, wengine kwanza kama vibarua. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alifyeka kwa panga na moto. Mtoto wake mmoja alikufa kwa homa mwaka wa kwanza. Nasema hivyo ili msomaji asije akadhani nambeza. Ile ardhi aliitolea jasho.

Shambani kwake palikuwa na mahali pa ajabu. Katikati ya udongo mwekundu palikuwa na duara la udongo mweusi, upana wake kama hatua 60. Hapo mahindi yalizidi mengine kwa kimo na kwa rangi, hata mwaka wa ukame. Babu aliliita duara hilo baraka. Alikuwa halipandi mpaka ameomba.

Mwaka 1968 nilikuwa sekondari, na katika bweni letu kitanda cha jirani kilikuwa cha kijana wa Kimaasai, mzaliwa wa ndani ya shimo la Ngorongoro. Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi wa ndoo ya maji. Likizo moja basi lilikwama kwa matope akalala kwetu Rhotia. Alipofika mbele ya babu aliinamisha kichwa ili aguswe, kama ilivyo desturi yao. Nilitazamia babu ashangae. Hakushangaa, alinyoosha mkono akamgusa utosini, kwa wepesi wa mtu aliyewahi kufanya hivyo mara nyingi. Asubuhi nikamtembeza rafiki yangu shambani, nikamwonyesha baraka yetu. Alizunguka lile duara polepole, akauchota udongo, akaunusa.

"Hapa palikuwa na boma," akasema. "Hii ni samadi. Ng'ombe walilala hapa miaka mingi sana."

Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Tulikwenda kunywa chai. Nami, pamoja na kusikia hayo kwa masikio yangu mawili, nilipohitimu ualimu nikaenda nikaandika ubaoni kwamba ardhi ilikuwa tupu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu samadi haikuwemo katika kitabu cha kiada.

Ya upande wa pili wa mkato niliyajua kupitia kwake. Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, hapo mwanzo ilijumuisha na Ngorongoro. Mwaka 1958 baadhi ya wazee wa Kimaasai walitia saini kukubali kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la pekee, kiasi cha kilometa za mraba 8,300, ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Gavana Richard Turnbull aliwaahidi Wamaasai mwaka huo kwamba maslahi yao yakigongana na ya wanyama, yao yatatangulia. Wakati huo wakaazi walikadiriwa kuwa 8,000. Ahadi iliishi kama ahadi nyingi. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya shimo waliondolewa, familia ya rafiki yangu ikiwamo. Mama yake alipanda ukingo akiwa amebeba ndama begani. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Mwaka 1979 UNESCO ikaliweka eneo hilo katika Urithi wa Dunia. Mwaka 1992 bustani za chakula zikaruhusiwa, na mwaka 2009 zikakatazwa tena.

Mtu asiyeruhusiwa kulima hununua, naye hununua kwetu. Hii ndiyo biashara ya kweli ya wilaya zetu mbili, nayo ni kongwe kuliko hoteli zote: ng'ombe na mbuzi hushuka, mahindi hupanda. Kwa miaka mingi nimempelekea rafiki yangu magunia Endulen. Baada ya kifo cha babu shamba lilikuja kwa baba na kisha kwangu, na mahindi mazuri zaidi niliyouza huko yalitoka kwenye duara lile. Nilipokea fedha yake bila haya, kwa bei ya msimu.

Sisi nasi hatukubaki kama tulivyokuja. Katikati ya miaka ya 1990 Karatu ilimegwa kutoka Mbulu ikawa wilaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya lami ikafika hadi lango la Ngorongoro, na mji uliokuwa wa vumbi na duka la mafuta ya taa ukawa wa hoteli na vinyago. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 230,166. Shamba la babu limegawanywa mara mbili. Wanangu wakiligawa tena, kila mmoja atapata kipande ambacho ng'ombe akigeuka kichwa kiko kwa jirani. Makorongo yanakula miteremko ambayo hatukuilima kama wazee walivyolima Mama Isara. Huko nyuma walitunza udongo kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Hapa tulidhani tunapo.

Na Ngorongoro pia pamejaa. Wakaazi wamepita 100,000. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, kwa wanaojiandikisha: nyumba ya vyumba vitatu, shamba la ekari 5, na gari la kubebea mali na mifugo. Serikali inasema watu wanakwenda kwa hiari, na kwamba eneo haliwezi tena kubeba watu, mifugo na wanyama kwa pamoja. Wengi wa waliobaki wanasema hiari haiwezi kuwapo mahali ambapo huduma za shule na zahanati zinafifia, na mwezi Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani kusema hivyo. Mimi kama mwalimu wa jiografia naona hoja ya msitu na ya maji, kwa sababu ni maji yetu; msitu ule ukifa, Mang'ola inakufa. Lakini naona pia kwamba sisi tuliojaza upande huu kwa jembe hadi kwenye ukingo wa mwisho hatujawahi kuombwa tujiandikishe.

Rafiki yangu alikuja siku ya mnada, mwaka jana. Sasa anatembea kwa mkongojo na macho yake yana ukungu. Tuliketi kwa mama lishe, tukaagiza supu. Mwanawe mmoja amekwenda Msomera, mwingine amekataa kabisa, na wawili hao hawapigiani simu. Yeye ndiye anayesubiriwa aseme neno.

"Mwalimu," akaniambia, "wamenieleza kwamba kule ardhi ni ya kutosha. Ilikuwa tupu." Akanywa supu yake taratibu. "Nimekuja kukuuliza wewe, kwa sababu ninyi ndio mnaojua habari ya ardhi tupu. Mtu akifika mahali kama hapo, atazame nini kwanza?"

Sikuwa na jibu la kitabu. Nikamwambia atazame udongo, kama kuna mahali ni mweusi kuliko pengine. Akacheka mpaka akakohoa, yule mama akamletea maji.

Kisha nikamwambia jambo ambalo lilipaswa kusemwa mwaka 1968: kwamba ni kweli, palikuwa na boma, na babu alijua. Nimeamini hivyo tangu siku ile alipomgusa utosini. Alinitazama kwa muda. Akasema alikuwa akijua kwamba babu alijua, na kwamba duara kama lile liko pia kwenye shamba la jirani yetu wa chini, na lingine karibu na kanisa; alikuwa ameyaona yote asubuhi ile ile, akanyamaza kwa sababu alikuwa mgeni na chai ilikuwa inapoa.

Ameniomba twende naye Msomera, yeye hawezi tena kusafiri peke yake na hataki kuongozwa na mwana yeyote kati ya wale wawili. Nimekubali. Tunasubiri mvua za masika zipite, kwa sababu ya mgongo wangu na barabara.